Je, Wajua? Stempu ya Senti 10 Kwenye Sanduku la Babu

Fungua sanduku la bati la babu. Chini kabisa, chini ya vyeti na risiti za kodi, utakuta bahasha iliyopauka yenye stempu ya senti 10. Maswali mawili hukujia papo hapo. Je, stempu hii bado inafaa kutumiwa kwenye barua? Na je, ni mali? La kwanza ni rahisi kujibu, kwani hakuna barua inayosafirishwa kwa senti 10 siku hizi. La pili ndilo lenye utamu. Tarakimu iliyochapwa kwenye stempu ni bei ya siku ile ilipouzwa dirishani, na posta inapopandisha ada, tarakimu hiyo hupitwa na wakati. Thamani nyingine huanza kujengeka baada ya hapo, na kanuni zake si zile ambazo wengi wetu tunazidhania.

Zamani mpokeaji ndiye aliyelipa

Je, wajua kwamba kabla ya 1840 nchini Uingereza barua kwa kawaida ililipiwa na aliyeipokea? Ada ilihesabiwa kwa umbali na kwa idadi ya karatasi. Bahasha nayo ilihesabiwa kuwa karatasi, ndiyo maana watu waliikunja barua ikajifunika yenyewe. Wabahili waliujaza ukurasa, wakaugeuza ubavu, wakaandika tena juu ya maandishi yale yale, mistari ikapishana kama wavu wa samaki. Wajanja zaidi waliweka alama ya siri kwa nje. Mpokeaji aliitupia jicho, akajua nyumbani hawajambo, kisha akamrudishia tarishi barua yake bila kutoa hata ndururu.

Mwaka 1837 Rowland Hill alichapisha kijitabu chenye hoja iliyowashangaza wengi: kinachoigharimu posta si safari ya barua, bali ni kazi ya kupiga hesabu na kudai ada mlango kwa mlango. Basi aliye mbali na aliye karibu walipe sawa, na walipe kabla. Tarehe 10 Januari 1840 ada ikawa peni 1 kwa barua isiyozidi nusu aunsi, yaani kama gramu 14, kokote nchini. Tarehe 1 Mei ikaanza kuuzwa stempu ya kwanza duniani ya kubandika, Penny Black, na matumizi yake rasmi yakaanza tarehe 6. Ilikuwa na sura ya Malkia Victoria, wala haikuandikwa jina la nchi, kwa kuwa hakukuwa na nchi nyingine yenye stempu. Hadi leo stempu za Uingereza hazina jina la nchi. Kichwa cha mfalme au malkia kinatosha.

Ya kwanza duniani, lakini si adimu

Wengi hudhani stempu kongwe kuliko zote lazima iwe ghali kuliko zote. Ukubwa wa pua si wingi wa makamasi. Penny Black zilichapwa karibu milioni 68, na kwa kuwa stempu ilibandikwa juu ya barua yenyewe, mabenki na mawakili waliokuwa wakihifadhi barua zao walihifadhi na stempu pia bila kukusudia. Iliyotumika na kukatwa vibaya hununuliwa hata leo kwa bei isiyofika ya simu nzuri.

Ndiyo, kukatwa. Stempu hizo hazikuwa na meno pembezoni, karani alizitenganisha kwa mkasi. Ile iliyobakiwa na ukingo mweupe pande zote nne ina bei ya juu sana kuliko ile ambayo mkasi umekula ubavu wake. Tena Penny Black haikudumu hata mwaka mzima kabla ya kuachwa. Ilifutwa kwa muhuri mwekundu, na watu wakagundua wino huo unatoka, hivyo stempu inaweza kutumika mara ya pili. Mwaka 1841 posta ikageuza mambo: stempu ikawa nyekundu, muhuri ukawa mweusi.

Peni moja kwa miaka 78

Je, wajua kwamba ada ya peni 1 ilidumu Uingereza tangu 1840 hadi 1918? Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoivunja, ikawa peni moja na nusu. Aprili 2025 barua ya daraja la kwanza ilifika pauni 1.70. Kwa hesabu ya zamani, ambapo pauni moja ilikuwa peni 240, hizo ni peni 408.

Marekani nako barua ililipiwa senti 3 tangu 1932 hadi 1958, mdororo wa uchumi ukapita, vita vikapita, bei ikabaki pale pale. Julai 2025 ilifika senti 78. Ila ada za posta haziendi juu tu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Marekani ilipandisha ada ya barua kutoka senti 2 hadi 3, na mwaka 1919 ikairudisha kwenye senti 2. Bei iliyopandishwa kwa sababu ya vita na ikashuka vita vilipokwisha! Hiyo ni nadra kuliko stempu nyingi.

Bilioni 50 kwenye kipande cha karatasi

Hakuna mahali ambapo tarakimu za stempu zilikimbia kama Ujerumani mwaka 1923. Mwanzoni mwa mwaka barua ya kawaida ililipiwa makumi ya mark. Tarehe 1 Desemba ilihitaji mark bilioni 100. Wachapaji hawakuwahi kuifuata kasi hiyo. Walizichukua stempu za zamani wakazipiga chapa juu, mara maelfu, mara mamilioni, na stempu ya thamani kubwa kuliko zote iliandikwa mark bilioni 50.

Leo stempu hizo zikiwa mpya ni za bei ndogo mno, kwani mabunda mazima yalibaki bila kutumika. Zenye muhuri halali wa posta ndizo ghali, maana nyingine zilitumika kwa siku chache tu kabla ada haijapanda tena. Matokeo yake ni kwamba waghushi hawakujisumbua kughushi stempu. Walighushi mihuri, na ndiyo maana mnunuzi makini huitaka hati ya mtaalamu kwanza.

Stempu zilizoandikwa PESA

Je, wajua kwamba neno letu "pesa" liliwahi kuchapwa kwenye stempu? Mwaka 1893 Wajerumani walizipiga chapa stempu zao kwa matumizi ya Afrika Mashariki. Iliyokuwa ya pfennig 10 ikasomeka PESA 5, iliyokuwa ya pfennig 20 ikasomeka PESA 10. Sababu ni kwamba fedha iliyozunguka pwani yetu ilikuwa rupia, na rupia moja ilikuwa pesa 64. Neno lenyewe lilivuka bahari pamoja na wafanyabiashara kutoka Bara Hindi. Mwaka 1905 hesabu ikabadilishwa, rupia ikawa heller 100, na pesa ikatoweka kwenye stempu. Kwenye vinywa vya watu haikutoweka.

Barua iliyolipiwa kwa kauri

Uganda ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1895, pale Mengo, mmisionari Ernest Millar alitengeneza stempu kwa mashine ya taipu. Aligonga herufi U na G pembeni, na katikati tarakimu: 10, 20, 30, hadi 60. Hizo hazikuwa senti wala peni. Zilikuwa kauri, zile simbi za baharini zilizotumika sokoni, ambapo kauri 200 zilikuwa rupia moja. Katika Kiganda neno "ensimbi" bado lina maana ya fedha.

Baadaye stempu za Millar zikawa nyembamba, herufi nazo zikawa nyembamba alipopata mashine nyingine, na alipobadilisha utepe wa wino, maandishi yakawa ya zambarau. Wakusanyaji leo wanazipanga kwa upana na kwa rangi ya utepe, nazo zimeadimika kama wali wa daku. Lakini kinachogongwa kwa taipu hughushiwa kwa taipu, na za bandia zimejaa sokoni.

Zanzibar au "Zanzidar"?

Posta ya kwanza Zanzibar ilikuwa tawi la posta ya India. Novemba 1895 Zanzibar ilipoanza kuendesha posta yake, stempu zake hazikuwa tayari, hivyo stempu za India zikapigwa chapa ya neno "Zanzibar" papo hapo mjini. Mchapaji alipanga herufi kwa mkono, na mkono huteleza. Baadhi zikatoka zimeandikwa "Zanzidar", nyingine "Zanibar". Karani wa siku zile huenda aliona ni aibu tu ya kiwandani. Leo stempu yenye kosa hilo ina bei ya juu sana kuliko dada yake iliyoandikwa sawasawa.

Chapa nyingine ilipigwa visiwani baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964. Stempu zenye sura ya Sultani zilikuwa zimejaa stoo, na Sultani ameshaondoka. Mwezi huo huo zikagongwa muhuri wa mkono wenye maneno JAMHURI 1964. Kwa kuwa kazi ilifanywa kwa mikono na kwa haraka, hutapata mbili zilizolingana kabisa. Kwingine neno limekaa upande, kwingine wino umefifia.

Stempu zilizofukiwa ardhini

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika kwetu, Waingereza waliizuia bahari, na posta ya Wajerumani ikaishiwa stempu. Kiwanda cha misheni cha Vuga, kwenye milima ya Usambara, kikapewa kazi ya kuzichapa. Kabla hazijaanza kuuzwa, meli iitwayo Marie ikapenya kizuizi na kutia nanga Sudi, karibu na Lindi, Machi 1916, na ndani ya shehena yake zilikuwamo stempu. Zile za Vuga hazikuhitajika tena. Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma walizifukia ardhini ili zisitekwe, na baada ya vita zikafukuliwa, nyingi zikiwa zimeharibiwa na unyevu. Ndizo hizo wakusanyaji wanazoziita stempu za Wuga, kwa tahajia ya Kijerumani.

Kisiwa cha Mafia nacho kina hadithi yake. Waingereza walikiteka Januari 1915, wakakitumia kuivizia manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha kwenye delta ya Rufiji. Stempu za Kijerumani walizozikuta kisiwani wakazigonga neno MAFIA. Zilikuwa chache, wala hakuna aliyeweza kuongeza nyingine. Upande wa magharibi, Wabelgiji walioingia kutoka Kongo walitumia stempu za Kongo zilizopigwa chapa ya kutangaza kwamba Afrika Mashariki ya Kijerumani iko chini yao.

Nchi tatu, stempu moja

Je, wajua kwamba tangu 1935 stempu moja iliweza kutumika Mombasa, Kampala na Dar es Salaam? Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa na posta moja. Baada ya uhuru likaja suala la heshima: jina la nani litangulie? Jawabu lilikuwa zamu. Kwenye stempu za pamoja, mara Kenya ilitangulia, mara Uganda, mara Tanzania. Mpango huo ulikoma Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977.

Miaka miwili kabla ya hapo kupanda kwa gharama kulikuwa kumeshaonekana kwenye bahasha. Mwaka 1975 stempu nzuri za nchi zote tatu, vipepeo wa Tanzania, makombe ya baharini ya Kenya na maua ya Uganda, zilipigwa chapa ya bei mpya. Shilingi 1/50 ikafutwa ikawa 2/-, 2/50 ikawa 3/-, na 20/- ikawa 40/-. Ukikuta kipepeo mwenye mistari juu ya tarakimu yake, usidhani ni mtoto aliyechezea kalamu. Hiyo ni historia ya uchumi wetu.

Senti 1 iliyouzwa mamilioni

Mwaka 1856 koloni la British Guiana, Amerika Kusini, liliishiwa stempu wakati shehena kutoka London ikichelewa. Posta ikakiomba kiwanda cha gazeti la hapo kichape za dharura. Ya senti 4 ilikuwa ya barua, ya senti 1 ilikuwa ya magazeti. Barua watu huzihifadhi, lakini gazeti hufungiwa samaki. Kwa sababu hiyo, ya senti 1 iliyobaki duniani inayotambuliwa ni moja tu. Mwaka 1873 mvulana wa miaka 12 aliikuta kwenye karatasi za nyumbani, akaiuza shilingi chache. Mwaka 2014 iliuzwa New York kwa zaidi ya dola milioni 9.4, na mwaka 2021 ikauzwa tena kwa kama dola milioni 8.3. Naam, hata ya pekee duniani inaweza kushuka bei.

Jirani zetu wa Bahari ya Hindi, Mauritius, wana fahari yao. Mwaka 1847 walichapa stempu za peni 1 na peni 2, mia tano kila aina, na nyingine zilitumika kupeleka mialiko ya dansa ya mke wa gavana. Zimebaki 27 tu. Makumbusho ya Blue Penny mjini Port Louis yanazo mbili, na taa huwashwa juu yake kwa dakika chache tu kila saa ili mwanga usizile rangi.

Ndege iliyopinduka

Mei 1918 Marekani ilianzisha barua za ndege kwa ada ya senti 24. Stempu yake ilikuwa ya rangi mbili, hivyo kila karatasi ilipita mashineni mara mbili. Karatasi moja iliingizwa kichwa chini, na ndege ikatoka imepinduka matumbo juu. Karani wa benki, William Robey, aliinunua dirishani Washington, stempu 100 kwa dola 24, na ndani ya siku chache akaiuza dola 15,000. Mwaka 2023 stempu moja tu kati ya hizo mia ilipita dola milioni 2. Ada yenyewe ya senti 24 haikudumu. Julai 1918 ilishuka hadi senti 16, na Desemba hadi senti 6.

Utapeli uliozaliwa posta

Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 palikuwa na kuponi ya kimataifa: unainunua nchini kwako, unaituma ng'ambo ndani ya barua, na rafiki yako anaibadilisha kwa stempu za kwao ili akujibu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza sarafu za Ulaya zilianguka, lakini bei za kuponi zilikuwa zile za kabla ya vita. Charles Ponzi, aliyekuwa Boston, aliona mwanya: nunua kuponi kwa bei poa Italia, badilisha Marekani. Mwaka 1920 aliwaahidi watu faida ya asilimia 50 kwa siku 45. Kuponi zilizokuwapo duniani zisingetosha hata sehemu ndogo ya fedha alizokusanya. Alikuwa akiwalipa wa jana kwa fedha za wa leo. Jina lake likabaki kuwa jina la utapeli wa aina hiyo, na wengi waliolizwa na "upatu wa mtandaoni" hawajui kwamba mzizi wake ni ada ya posta.

Stempu isiyo na bei

Kuna nchi zilizochoka kuchapa upya kila ada inapopanda. Mwaka 1989 Uingereza ilitoa stempu isiyo na tarakimu, imeandikwa daraja la kwanza au la pili tu. Aliyeinunua ya daraja la kwanza kwa peni 19 mwaka huo aliweza kuitumia mwaka 2022, wakati barua hiyo hiyo ilikuwa peni 95. Marekani ilifuata mwaka 2007 na stempu ya "daima", kwa senti 41.

Hata hivyo, ahadi ya posta nayo ina mwisho wake. Mwaka 2023 Uingereza ilizibatilisha stempu za kawaida zisizo na alama ya kusomwa na mashine, na wenye nazo wakatakiwa kuzipeleka zibadilishwe.

Tarakimu kubwa, bei ndogo

Je, wajua kwamba miaka ya 1920 Kenya na Uganda zilikuwa na stempu ya pauni 100? Hakuna barua iliyohitaji fedha hizo. Stempu kama hizo zilibandikwa zaidi kwenye hati za kisheria na za kodi, zikafutwa kwa kalamu au muhuri wa ofisi. Yenye muhuri halisi wa posta ni kitu kingine kabisa, na tofauti ya bei ni kubwa mno.

Jihadhari pia na zile za kuvutia za miaka ya 1980 na 1990, zenye katuni na waimbaji wa ng'ambo. Nchi nyingi, Tanzania na Uganda zikiwamo, zilizitoa kwa wingi kwa ajili ya wakusanyaji wa nje. Geuza nyuma. Ukiona muhuri umekaa vizuri kwenye kona na gundi bado ipo, stempu hiyo haikuwahi kubeba barua. Ilipigwa muhuri kwa mabunda kabla ya kuuzwa, na bei yake ni ya kumfurahisha mtoto.

Kabla hujaloweka kwenye beseni

Turudi kwenye sanduku la babu. Kosa tunalolifanya wengi ni kukimbilia mkasi, au kuloweka bahasha ili stempu ibanduke. Hapo umeshaitupa nusu ya mali. Bahasha kamili yenye stempu, muhuri, tarehe na anuani ndiyo inayothibitisha ada iliyolipwa siku hiyo, barua ilipita wapi na ilichukua siku ngapi. Ikiwa ada hiyo ilidumu majuma machache tu, au muhuri ni wa posta ndogo iliyofungwa zamani, bahasha inaweza kuizidi stempu yake mara nyingi.

Basi iache stempu pale ilipobandikwa. Usiandike juu yake, usiiwekee gundi wala utepe wa plastiki, usiianike juani. Itie kwenye bahasha safi kubwa zaidi, mahali pakavu, kisha usome muhuri kwa kioo cha kukuzia: mji gani, siku gani, mwaka gani. Halafu mwulize bibi, kama bado yupo, barua hiyo ilitoka kwa nani. Jibu lake liandike pembeni, kwa maana hilo halipatikani kwenye katalogi yoyote.